Ukisikia "Wakya", Usisogee

Asubuhi yangu ya kwanza Mbumbuni, Makueni, nilikuwa nimekalia mfuko wangu kando ya duka la nafaka, nikimngoja mwenyeji aje anichukue. Akapita bibi mmoja, jerikani la maji mgongoni, ukanda wa kulibebea umemkaza kipajini. Akanitazama usoni akasema, kwa masikio yangu ya Pwani, "Wacha." Nikainuka upesi, nikauvuta mfuko pembeni, maana nilidhani nimeziba njia au nimekalia mahali pa mtu. Bibi akasimama kidogo, akaniangalia tena, kisha akashika njia yake. Mwenyeji wangu alipofika nikamweleza. Hakucheka. Aliniambia, "Amekusalimu, nawe hukumjibu."

Neno lenyewe huandikwa "Wakya". Katika Kikamba, herufi "ky" husikika karibu sana na "ch" yetu, ndiyo maana Mswahili husikia amri ya kuacha pale alipopewa salamu. Jibu lake ni "Aa", sauti ndefu inayoshuka taratibu. Hapo pia kuna mtego, kwa sababu sisi tukifupisha sauti hiyo na kuikata katikati tunakuwa tumesema hapana. Ivute. Ukiikata, utakuwa umeikataa salamu ya mtu aliyekuzidi miaka arubaini.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya mwalimu, muuguzi, fundi, mchumba na mfanyabiashara anayejiandaa kwenda kukaa Mbumbuni, au popote pale katika vilima vya Mbooni, au ng'ambo ya mto Athi upande wa Kitui. Wengi huenda wakijiambia kwamba Kiswahili kitatosha. Kitatosha kununua sukari na kupanda bodaboda, kwa kuwa karibu kila mtu anakijua. Lakini Kiswahili chako kitakuweka kwenye benchi la wageni, na unaweza kukaa kwenye benchi hilo miaka kumi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6 nchini Kenya. Lugha ya watu wengi hivyo haikustahili kufanywa jambo la kujifunza ukipata nafasi.

Tuanze na salamu, kwa sababu huko mambo yote huanzia hapo. "Wakya" utaisikia zaidi kwa watu wazima. Neno la kila siku, linalofaa kwa karibu kila mtu, ni "Wĩ mũseo?", yaani u mzima, u mwema? Jibu: "Nĩ mũseo." Wakiwa wengi sema "Mwĩ aseo?", nao watajibu "Twĩ aseo." Ukiulizwa "Ũvoo?", hiyo ni habari, na jibu lake ni lile lile la "Nĩ mũseo", mgeni akikariri jibu hili moja atakuwa amejibu salamu mbili. Vijana wao kwa wao wataambiana "Nata?" na kujibizana "Nesa", na hiyo nayo ni tamu, ila isianzie kwako ukiwa mbele ya mzee.

Mwanafunzi wa Kihispania hufundishwa mapema kwamba kuna "tú" ya rafiki na "usted" ya mkubwa, na kwamba kuyachanganya ni utovu wa adabu. Sisi watu wa Pwani tuna shikamoo na marahaba, na tunajua anayeitoa na anayeipokea. Mbumbuni shikamoo inafahamika, wameisoma shuleni, lakini haimgusi mtu moyoni. Kinachomgusa ni kuona umesimama, umemtazama, umesema neno la kwao, umengoja jibu, kisha ndipo ukaeleza shida yako. Nimeona wageni wakiingia dukani na "Nipe unga kilo mbili" kama vile mwenye duka ni mashine. Unga watapewa. Ila siku watakapohitaji mtu wa kuwaonyesha nyumba ya kupanga, au wa kuwaambia ni fundi yupi wa kuaminika, watashangaa kuona kila mtu ana shughuli.

Jambo la pili ndilo lililonisumbua zaidi, nami nitalikalia kidogo. Kikamba na Kiswahili ni ndugu. Ukisikiliza vizuri utamtambua nduguyo mara moja: mtu ni "mũndũ", kitu ni "kĩndũ", mvua ni "mbua", njia ni "nzĩa", njaa ni "nzaa", kufika ni "kũvika". Hata ile "-ni" ya Mbumbuni, Mbooni na Makueni ni ile ile ya nyumbani na shambani. Undugu huu humfanya Mswahili ajiamini kabla ya wakati. Maneno ambayo hukuwahi kuyasikia hayawezi kukudanganya, kwa kuwa utauliza maana. Yanayokudanganya ni yale unayodhani unayajua.

Chukua "kwenda". Kwetu ni kuondoka. Kwa Kikamba ni kutaka, na pia ni kupenda. Mtoto akikuambia "Nĩngwenda kĩw'ũ" haendi popote, anataka maji. Msichana anayeitwa Mwende ni mpendwa, na pendo lenyewe ni "wendo". Kitenzi chao cha kwenda ni "kũthi". Niliwahi kumsikia kijana mgeni akiaga kwa mbwembwe, akichanganya lugha mbili, "Mimi nĩngwenda, nĩngwenda!", na kina mama waliokuwa wakichambua ndengu wakanyamaza wote wakimngoja amtaje huyo anayempenda.

Au "nyie". Kwetu ni nyinyi mlio mbele yangu. Kwao ni mimi. Mtu akijipiga kifua akasema "nyie", usigeuke kutafuta kundi nyuma yako. Katika mkutano wa wazazi kosa hili linaweza kuzaa ugomvi kamili: mzazi anasema mimi nimelipa, mwalimu mgeni anasikia nyinyi ndio mmelipa.

"Koma" ndilo lililonichoma. Usiku wa kwanza mama mwenye nyumba alinimulikia taa mpaka mlangoni, kisha akasema "Koma nesa." Kwetu mtu haambiwi koma ila amekosa. Nilikaa kitandani nikijihesabia makosa ya siku nzima. Kumbe "kũkoma" ni kulala, na maneno yale ni lala vizuri, lala salama. Aliyatamka kwa upole ambao ningeuona kama ningelikuwa nasikiliza sauti yake badala ya kusikiliza kamusi iliyo kichwani mwangu.

Kuna "eka", linalofanana na weka ilhali maana yake ni acha. Fundi akikuambia "eka" nawe ukazidi kuweka matofali, hamtaelewana. Kuna "tiwa nesa", anayoiacha mtu anapoondoka, yaani baki salama. Haina uhusiano na kutiwa kitu ndani ya kingine. Na wewe uliyeishi Nyeri au Kiambu kabla ya kuja huku una mtego wako peke yako: "mũtumia" wa Wakikuyu ni mwanamke, mke; "mũtumĩa" wa Wakamba ni mzee wa kiume, mwenye heshima na mara nyingi mwenye kauli barazani. Mwanamke aliyeolewa wao humwita "kĩveti". Usije ukamwita mzee wa ukoo kwa neno ulilolizoea kwingine ukakusudia jingine.

Dawa ya mitego hii ni ndogo. Beba daftari. Kila neno linalofanana na la Kiswahili liandike kwanza kama mshukiwa, mpaka mtu wa pale akuthibitishie. Mimi nilijaza kurasa sita mwezi wa kwanza, na karibu nusu ya washukiwa walikuwa na maana nyingine.

Ukiandika, zijali herufi mbili zenye alama juu, ĩ na ũ. Hazikuwekwa kwa urembo. Ĩ husikika kati ya i na e yetu, ũ kati ya u na o. Ndiyo maana masikio ya Kiswahili husikia "moseo" mahali palipoandikwa mũseo. Na "th" itamkwe kama dh ya dhahabu, usiitamke kama ile ya thamani. R hawana katika lugha yao ya asili, na maneno yetu yalipoingia kwao yalivaa nguo za huko: pesa ikawa "mbesa", pole ikawa "vole", karibu ikawa "kalivu". Nayo "school" ya Kiingereza ikawa "sukulu".

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Kwa sababu ya hiyo r, matamshi ya Mkamba anapozungumza Kiswahili au Kiingereza yamefanywa kichekesho nchini Kenya kwa miaka mingi, jukwaani, redioni na darasani. Mgeni akifika Mbumbuni na kuyaiga, hata kwa mapenzi, anachimba kidonda ambacho wenyeji wamekizoea ila hawajakipenda. Usiige. Nimemwona mtoto wa darasa la nne aliyeacha kuinua mkono muhula mzima kwa sababu mtu mzima alirudia jibu lake kwa sauti ya kumwiga. Wewe unayesema "moseo" una lafudhi pia, nao wanakuvumilia.

Na kama unahitaji sababu ya kuyaheshimu matamshi hayo, jina la nchi yenyewe lilipitia midomoni mwa Wakamba. Tarehe 3 Desemba 1849 mmishonari Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui kwa mfanyabiashara mkuu Kivoi, aliuona mlima wenye theluji kwa mbali, akaliandika jina lake kadiri alivyolisikia kwa wenyeji wake. Mwaka uliofuata alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba vikiwamo bega kwa bega. Kila unapotaja Kenya unatamka neno lililowafikia waandishi wa ramani kwa njia ya Ukambani.

Turudi kwenye adabu. Jina la mtu si la kutumiwa ovyo. Mwanamke wa rika la mama yako mwite "mwaitũ", mama yangu. Baba ni "nau". Bibi ni "susu", babu ni "ũmau". Ukimwita muuza mboga mwaitũ, usishangae akikuongezea fungu. Amefanya hivyo kwa sababu umejiweka kuwa mwanawe, na mwana hana budi kula. Utasikia pia jambo litakalokuchanganya: baba mtu mzima akimwita binti yake mdogo "mwaitũ". Hajakosea. Wakamba huwapa watoto majina ya babu na bibi zao, na mtoto aliyebeba jina la mama yake baba hupewa na heshima yake. Nikiona jambo hilo huwa nasimama kutazama, kwa uzuri wake.

Majina yenyewe ni somo la lugha lisilolipiwa. Wambua na Mumbua wana "mbua" ndani yao, walizaliwa wakati wa mvua. Mutuku ni wa usiku, Kioko ni wa asubuhi, Nthenya ni wa mchana. Kyalo ni safari. Musyoka ni aliyerudi, maana "kũsyoka" ni kurudi. Mwikali ni wa kukaa, kutoka "kwĩkala". Mwalimu anayesoma orodha ya darasa lake huku akijua haya anakuwa ameshajifunza asubuhi, usiku, mchana, mvua, safari, kurudi na kukaa kabla ya kufungua kitabu. Muulize mtoto "Wĩtawa ata?", unaitwaje, naye atasema "Nĩtawa..." na jina lake. Kisha muulize maana yake. Hutapata darasa bora zaidi.

Kwa kijana anayekwenda ukweni, kuna neno la kulijua kabla ya mahari: "nthoni". Ni haya, ni staha, ni ile nafasi mtu anayoiacha kati yake na wakwe. Msomi wa Kiswidi Gerhard Lindblom, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya Wakamba kilichochapishwa Uppsala mwaka 1920, alieleza jinsi mkwe wa kiume na mama mkwe walivyokuwa wakiepukana hata njiani. Siku hizi hali imelegea sana, mama mkwe na mkwewe hupanda matatu moja kwenda kanisani. Lakini kivuli cha desturi bado kipo. Usikimbilie kumpa mkono mama mkwe, na kumkumbatia ndiyo usithubutu. Simama, salimia, ngoja unyooshewe mkono wewe. Usipoupata, hukuchukiwa. Umestahiwa.

Shukrani ni "Nĩ mũvea", ukitaka kuikoleza, "Mũvea mũno." Baraka ya wazee ni "Ngai akũathime", Mungu akubariki, na ukiambiwa hivyo usijibu kwa pupa, inama kidogo upokee. Ndiyo ni "Ĩĩ", hapana ni "Aiee". Usihangaike kutafuta tafsiri ya tafadhali. Mimi niliitafuta wiki mbili nzima, mpaka nikagundua kwamba kazi ya tafadhali ilikuwa imekwisha kufanywa na salamu na lile neno mwaitũ lililotangulia ombi.

Mezani mambo ni mepesi. Ugali ni "ngima". Mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ni "isyo". Ukipikiwa "mũthokoi", jua kuna mtu aliyetwanga mahindi kinuni mpaka maganda yakatoka, akayapika na kunde, mbaazi au maharagwe kwa saa kadhaa. Sema nĩ mũvea kabla ya kula na baada ya kula. Ukiambiwa "Ũka vaa", njoo hapa, nenda. Mara nyingi mwito huo una sahani mwisho wake.

Sasa lugha ya steji. Vijana wa bodaboda wa Mbumbuni wanazungumza Kikamba kilichochanganywa na Sheng kutoka Nairobi, na huko shilingi 20 ni mbao, 50 ni finje, 100 ni soo, 1,000 ni ngiri. Zijue, zitakusaidia kupatana nauli. "Niaje" na "poa" zitakufungulia mazungumzo na kijana yeyote. Tatizo ni kwamba wageni wengi huanza na hizi kwa sababu ni rahisi na zinawafanya wajione wamekubalika, kisha wanazipeleka mahali zisipostahili. Nimemsikia karani kijana akimwambia mzee wa miaka themanini "Niaje buda" kwenye dirisha la kulipia. Mzee hakusema kitu. Alikunja karatasi yake, akaondoka, akarudi siku ya pili karani mwingine alipokuwa zamu. Sheng jifunze mwezi wa tatu, baada ya salamu kukaa ulimini.

Jinsi ya kujifunza? Tafuta mtu mmoja mzee asiye na haraka, mwenye subira ya kukurudia neno mara tano. Wa kwangu alikuwa jirani aliyekuwa akinichotea maziwa, na malipo yake yalikuwa kumsomea barua na ujumbe wa simu. Fungulia redio asubuhi. Musyi FM hutangaza kwa Kikamba, na jina lake ni somo pia, kwa sababu "mũsyĩ" ni nyumbani. Habari uliyoisikia kwanza kwa Kiswahili isikilize tena kwa Kikamba. Utashangaa ni mengi kiasi gani unayoyadaka. Sikiliza pia benga ya zamani ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili mpaka alipofariki mwaka 1987, na sikio likizoea sauti yake katika lugha moja huvuka hadi nyingine bila kuhisi mpaka.

Utakapovuka Athi kwenda Kitui utasikia matamshi yakibadilika na baadhi ya maneno yakibadilika pia. Usiwasahihishe watu wa Kitui kwa Kikamba ulichojifunza Makueni. Sikiliza, uliza, andika ukurasa mpya wa washukiwa.

Na ukikosea, utakosea tu, usijifiche nyuma ya Kiingereza. Sema "vole", rudia neno, endelea. Yule bibi wa jerikani nilikutana naye tena baada ya siku nne, mahali pale pale. Safari hii nilimwona akija. Aliposema "Wakya", nikasimama, nikajibu "Aa", nikauvuta mwisho wake kadiri nilivyofundishwa. Akatua jerikani. Akaniuliza naitwa nani, natoka wapi, mama yangu yu hai, nina watoto. Nusu ya maswali sikuyaelewa, akayarudia kwa Kiswahili chake kidogo. Tulisimama pale robo saa, nami nikachelewa shule. Ukipangiwa kazi huko, toka nyumbani mapema kila siku, uwe na nafasi ya robo saa kama hiyo.